Nilivyosomewa Yasini Ndani ya Kitanda cha Jua cha Bwana Khalfan

Sioni faida ya kujificha, maana hata nikijificha, hapa Wesha hakuna asiyejua kwamba mimi ndiye yule fundi aliyesomewa Yasini akiwa hai, ndani ya sanduku linalowaka, mchana wa Ijumaa, na watu waliotoka msikitini na udhu wao. Mpaka leo nikipita penye kahawa hawakosi kunitupia: "Fundi Hamadi, jua vipi leo?" na mimi hujibu, "Limekuchwa," nikajipitia zangu. Skuli nilifika darasa la nne (la tano nilikaa wiki mbili, baba akanitoa nikachume karafuu), kwa hiyo msinitarajie maandishi ya kupangika, lakini waliohusika nawajua kwa majina, na leo nawataja, mimi mwenyewe nikiwamo.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi vilipoingia kwetu, vikaingia mpaka jikoni. Nyinyi vijana mnahadithiwa tu. Mtu hanunui chumvi duka la mtu wa chama kingine, hapandi chombo chake, hasali nyuma ya imamu wake, na kubwa kuliko yote, hamziki maiti wake. Sisi wa upande wetu tulikuwa wachache pale mtaani, na kiongozi wetu wa tawi alikuwa Mzee Faki, na huyu ndiye wa kwanza kumtaja, kwa sababu mkwe wangu, Mzee Mbarouk, mtu wa upande ule mwingine, alipofariki, Mzee Faki alisimama mlangoni kwangu akasema, "Atakayekwenda kule kuzika, asirudi huku." Basi mimi nikakaa kibandani kwangu natengeneza redio ya mtu, na jeneza la baba wa mke wangu likapita pale pale mbele, watu wanasoma, nami nikainama chini ya meza kama natafuta skrubu. Hapakuwa na skrubu iliyoanguka.

Wiki ile ile kaka yake mke wangu, Mwalimu Othman, alikuja kumchukua Raya akampeleka kwa ami yao, ndugu wa marehemu, Bwana Khalfan. Sikumwacha, eleweni hapo, alichukuliwa. Mwaka mzima na nusu nikawa napika mwenyewe, nafua mwenyewe (nilikuwa natia bluu nyingi mno kwenye fulana, na hiyo bluu mtaisikia tena mbele), na usiku nasema na redio za watu.

Sasa huyo Bwana Khalfan ni katika watu wenye asili ya Manga, Uarabuni, waliokuwa na mashamba makubwa zamani, na mpaka wakati ule alikuwa na mikarafuu ya kutosha kumpa jeuri. Mwanawe aliyeko Ulaya alimletea kontena la mitumba: mafriji, magodoro, baiskeli, na kitu kimoja ambacho watu wanane walikishusha garini na hakuna aliyekijua. Kirefu kama mtu, cheupe, kina mfuniko wa mviringo, na ukifunua, chini na juu kumepangwa taa za mirija, moja ubavuni mwa mwenzake, kama mbavu. Mbebaji mmoja alikiweka chini akasema, "Mie nishakibeba, nimekoma, hiki jeneza la Kizungu," akaenda kunawa mikono. Mwana akaeleza kwa simu kwamba hicho ni kitanda cha jua, kwamba kule jua halipatikani, kwa hiyo watu hulala humo wapate kuchomeka ngozi. Bwana Khalfan habari ya ngozi hakuisikia. Alisikia jua.

Na nani wa kumlaumu? Mtu wa Pemba mwenye karafuu mbichi sakafuni na mvua juu ya bati, ukimwambia lipo jua ndani ya chumba hakuulizi la pili. Sisi maisha yetu yote tumeyamaliza tukiangalia mawingu: unaanika majamvi asubuhi, likijitokeza wingu la kiasi cha kofia nyumba nzima inakimbia kuanua, mgonjwa, mzima, bibi harusi. Mwaka ule mvua haikutupa hata siku mbili za kufuatana, na karafuu za Bwana Khalfan zilikuwa zimeanza kuvaa ukungu mweupe. Akakiweka kitanda chumba cha mwisho, akatandika karafuu juu ya kile kioo cha kulalia, akafunika, akawasha. Kitanda kikalia mara tatu, kikazimika. Kwenye kidirisha chake, kadiri ya uso wa saa ya mkono, kikaandika E na nambari.

Fundi wa vitu vya umeme karibu na hapo nilikuwa mimi tu. Akaniita, nami nikaenda na mfuko wangu, nikapitia uani ili Mzee Faki asinione.

"Hamadi," akaniambia Bwana Khalfan, hakunikaribisha hata kiti, "kitengeneze hiki, karafuu zangu zikauke. Zikikauka, tutakaa mimi na wewe tuzungumze habari ya Raya."

"Kweli, ami?"

"Mimi si mtoto, nikisema nimesema."

Basi mkae mkijua, mimi sikwenda kutengeneza kitanda. Nilikwenda kumchukua mke wangu.

Na pale barazani kakaa Mwalimu Othman, miwani puani, mguu juu ya mguu, mkononi ana kijitabu cha kile kitanda. Yeye husomesha Kiingereza sekondari. Huyu ndiye wa pili kumtaja.

"Fundi," akaniita (zamani akiniita shemeji), "kila nambari imeelezwa humu. Ukikwama, useme tu: Mwalimu, naomba unisomee."

"Sitokwama."

"Basi vizuri. Mie nipo hapa hapa, skuli zimefungwa."

Hatua kumi kutoka kitandani mpaka pale alipokaa. Nilizipima baadaye.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne. Kilianza na E1. Nikabadilisha fyuzi, E1. Nikasugua soketi, nikakaza waya, E1, kisha kikawaka chenyewe kidogo, feni zikavuma, na baada ya muda kikalia kikaandika E2. Nikafungua ubavuni, nikatoa utando wa buibui na vumbi la huko kilikotoka, nikafunga, ikaja E3. Naiona E3 ile mpaka leo. Kila nambari naiandika kwenye daftari na saa yake, kama daktari, na kila nikinyanyua kichwa namwona mwalimu kupitia mlango wazi, anafunua ukurasa wa kijitabu taratibu, analamba kidole, anafunua mwengine. Kijitabu chenyewe hakikuwa na kurasa ishirini. Alikuwa akinisomea mimi kimoyomoyo.

Siku ya pili ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa dogo, waya wa urefu wa kidole. Katika mafriji nimeshazoea kukutana na kile kidude kinachopima joto na kukata umeme likizidi, sisi mafundi tukiudhika nacho huunganisha waya pande mbili kikawa kama hakipo. Nikakiona, nikakiunganisha. Nikaona na saa inayohesabu dakika na kuzima, nikaiunganisha nayo. Nikasema, haya, ukiwa huna la kupima wala la kuhesabu, utaniandikia nini tena? Kidirisha kikabaki kinaandika E3, lakini taa zikawaka.

Hazikuwaka nyeupe. Ziliwaka zambarau, zambarau ya maiti ya baharini, na chumba kizima kikageuka. Karafuu zikawa kijivu. Kucha zangu zikang'ara. Kanzu yangu niliyoitundika kwenye msumari ikang'ara kuliko taa yenyewe, na Bwana Khalfan alipofungua kinywa kusema "Maashallah" niliona meno tu yanasema, uso haupo.

"Funika, funika," akasema, "zisipoteze joto."

Humo kitandani vilikuja pia vimiwani viwili vidogo vyeusi, havina mikono, vya kubandika juu ya jicho. Bwana Khalfan alishampa mwanamke mmoja wa Wambaa anayechokoa pweza, ati aonee majini, na siku ile ile ya Jumatano aliwarudishia: "Chukueni miwani yenu, haionyeshi kitu, hii ya kipofu." Tukacheka sote. Nilicheka mimi zaidi.

Sasa sikilizeni lililoanza kutisha. Mirija ikawa inazima yenyewe katikati ya kazi, nje hakujaguswa kitu, chumba kikarudi kiza cha mvua. Halafu, mara tu muadhini akianza, inawaka. Adhuhuri, ikawaka. Alasiri, ikawaka. Hakuna mtu chumbani, mlango umefungwa, na chini ya mlango mstari wa zambarau unatoka taratibu unatambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya wanawake waliokuwa ukumbini wanachambua karafuu. Wakahama, wakaenda kukaa jikoni wote. Bi Mkubwa wa nyumba akasema hicho kimelala mtu humo, na anaamka kwa adhana. Mimi nikawaambia ni umeme tu, lakini sikuwa na jawabu kwa nini umeme ujue wakati wa sala. (Jawabu nalijua leo: jirani pale palikuwa na mashine ya kusaga unga, ikifanya kazi inaunyonya umeme wote, mirija haipati nguvu; mwenye mashine alikuwa mtu wa dini, akisikia adhana anazima. Lakini leo si siku ile.)

Raya nilikuwa nasikia sauti yake tu. Alhamisi aliniletea chai. Sikumwona uso, niliona mkono unasukuma sinia mlangoni, mkono mtupu, hauna hina, nikasema, "Raya," na mkono ukasita kidogo juu ya sinia, kisha ukaondoka.

Ijumaa ikaja, mvua toka alfajiri, mbingu nyeusi kama ndani ya chungu. Bwana Khalfan akaja na manung'uniko: karafuu za juu zinababuka, za chini bado mbichi, na mirija mitatu upande wa kichwani haiwaki. Akaweka na magunia mawili ya karafuu mbichi juu ya mfuniko, ati yapate vuguvugu. Kisha akavaa joho lake.

"Tunakwenda Ijumaa. Wewe?"

Hapo nikababaika. Msikiti ule wa karibu ni wao, na wetu ni ng'ambo ya barabara kuu, na Mzee Faki ndiye anayesimama mlangoni akihesabu waliokuja. Nikisali kwao nimekwisha, nikisali kwetu kazi haiishi, na karafuu zisipokauka leo Raya harudi. Nikasema, "Tangulieni, ami, nakuja." Nikaongopa. Mwalimu Othman akapita mlangoni, kijitabu kakiweka mfukoni mwa kanzu, pembe yake inatokeza.

"Ile E3 bado ipo, fundi?"

"Nakaribia."

"Haya," akasema, akatabasamu, akaenda zake.

Nikabaki peke yangu. Nikavua kanzu nikaitundika, nikabaki na fulana na kikoi. Mirija ilikuwa imezima. Mfuniko ule ulikuwa mzito, vyuma vyake vya kuushikilia vilikwisha nguvu zamani, kwa hiyo nilikuwa nimeufunga kamba ya usumba wa nazi kwenye boriti, umefunuka kiasi cha mtu kupenya. Magunia yale mawili niliyaona kule juu. Nilisema nitayashusha, kisha nikasema ya nini, dakika moja tu. Nikazima? Sikuzima. Taa hazikuwa zinawaka, nikahesabu kimezima. Nikajipenyeza nikalala chali juu ya karafuu kama fundi wa gari, bisibisi mkononi, nikaanza kutafuta kule pembeni kwa kichwa.

Kamba ilikatika bila hata mlio. Mfuniko ukashuka na magunia yake, ukanikalia kuanzia kifua mpaka magoti, mikono yote miwili imebanwa, bisibisi imenichoma kidevu. Sikuumia sana. Nikajaribu kusukuma, ukanyanyuka upana wa kidole ukarudi. Nikacheka, wallahi, nikasema mjinga wewe Hamadi. Halafu nikasikia muadhini anaanza. Na mashine ya unga kwa jirani ikazima, brrr, kimya.

Ikawaka.

Sijui niwaelezeje. Mirija ipo shubiri moja kutoka usoni, huna pa kugeukia, hata ukifumba macho inapita kwenye kope. Joto likaanza mgongoni likapanda. Karafuu zikaanza kutoa mafuta, na ile harufu tuliyozaliwa nayo, tunayoiona kama hewa, humo ndani ikawa mkono uliotiwa puani mwangu. Midomo ikafa ganzi, ulimi ukafa ganzi, nikawa nasikia mtu ananguruma karibu na sikio langu, mmmmmm, mmmmmm, nami najua ni feni, na moyo unakataa kuwa ni feni. Kidude cha kupima joto kingekata. Saa ingehesabu ingezima. Vyote nimevinyamazisha mimi. Nikapiga kelele, mvua ikazipokea juu ya bati ikazimeza. Wanawake jikoni walinisikia, nilikuja kujua baadaye, wakaziba masikio. Nikakumbuka kwamba katika dunia hii yote watu wawili tu walioniona mara ya mwisho nimo humu, nao wamo msikitini na hutuba haijaanza. Na nikamkumbuka Mzee Mbarouk. Sikutaka kumkumbuka. Nilimwona anapita mbele ya kibanda changu amefunikwa, taratibu, na safari hii mimi ndiye niliye juu ya mabega, na yeye yupo mezani ameinama anatafuta skrubu.

Hata mguu ukakanyaga ukumbini. Miguu mingi, wanawake walikuwa wamewapelekea habari msikitini. Mlango ukafunguliwa, na chumba kilikuwa giza tupu isipokuwa ile zambarau inayomwagika pembeni mwa mfuniko, na kanzu yangu.

"Lahaula! Kanzu imesimama! Tazameni, haina mtu!"

"Rudi nyuma, rudi nyuma!"

"Mna nini humu, Bwana Khalfan?"

"Kuna kitanda changu tu, jamani."

Nikajitahidi, na ulimi ule wa ganzi, sauti ikatoka kama ya mtu aliyetiwa pamba: "Nifungulieni! Ni mimi! Hamadi!"

Mmoja akasema polepole, "Ee bwana, mpaka jina la fundi kinalijua."

"Msikijibu!" Huyo alikuwa Shehe Juma, imamu wao, naye ni wa tatu katika orodha yangu. "Kikikuita usiitike. Fundi yupo msikitini kwao. Someni, jamaa, someni." Na wakaanza, watu zaidi ya thelathini, wamejazana ukumbini mpaka uani kwenye mvua, Yasini kutoka mwanzo, na mimi ndani nalia nasema nipo hai, jamani, nipo hai, na kila nikizidisha wao wanazidisha sauti.

Ndipo nikaisikia sauti ya Mwalimu Othman, karibu kabisa, karibu na mguu wangu.

"Ni yeye. Sauti yake naijua."

Kisomo kikapungua. Bwana Khalfan akasema, "Basi fungueni, mtu atakufa humo."

"Mngojeni kidogo, ami," akasema Othman. Alisema kwa upole sana, kama anavyosema na wanafunzi. "Jeneza la baba lilipita mlangoni kwake hakunyanyua kichwa. Mngojeni kidogo."

Na wakangoja. Hili silisamehe, na nikifa mtalikuta hapa nimeliandika. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana, walisimama tu, mvua inapiga, feni inavuma, na mimi humo ndani nikaacha kuita.

Nyayo nyepesi zikaja zinakimbia kutoka jikoni, watu wakapangua. Sikumwona. Nilisikia kidole kinabonyeza ukutani, tak, na zambarau ikafa. (Swichi. Siku zote nne swichi ilikuwepo pale ukutani, mtu yeyote angeweza kuibonyeza, shehe, mwalimu, yeyote.)

"Ami, shusheni magunia," alisema Raya. "Mnasoma nini? Mtu mnamwanika kama karafuu, halafu mnamsomea!"

Wakashusha magunia, wakanyanyua mfuniko, nikatoka kwa pupa kama samaki anavyotoka kwenye wavu, na laiti ningetoka taratibu. Kikoi kilinasa kwenye bawaba kikabaki. Mimi nikasimama mbele ya kaumu nzima na fulana fupi ya bluu, karafuu zimeniganda kuanzia kisogoni mpaka kwenye visigino, natoka jasho la mafuta, nanukia pilau. Hakuna aliyekimbia. Ingekuwa afadhali wangekimbia. Mzee mmoja nyuma akasema, "Alhamdulillahi, jini lenyewe hili halina hata nguo," na pale pale kilichokuwa hofu kikageuka kicheko, watu wakashikana mabega, Shehe Juma akageukia ukuta mabega yanamtikisika. Raya alivua kanga ya begani akanirushia usoni. Nikajifunga kanga ya mke wangu mbele ya watu waliotoka kusali, nami sikusali.

Ningekwenda kwangu ikaishia hapo, lakini ilipofika magharibi macho yakaanza kuniwasha, kisha yakawa kama yametiwa mchanga wa moto, kisha sikuona. Giza. Siku tatu nilikuwa naitumbulia macho mirija ile, na vile vimiwani vya kipofu nilivyovicheka vilikuwa vya hayo. Wachomeleaji wa vyuma wanaujua ugonjwa huu, hupita wenyewe, lakini mimi sikuujua, na mtaani ilishaenea kwamba kile kilicholala kitandani kimechukua macho ya fundi kwa kuwa aliikimbia Ijumaa. Bwana Khalfan aliona haya, akanilaza ukumbini mwake. Karafuu zake zilikuwa zimeungua juu na kuvunda chini, gunia zima halikutoa hata pishi moja nzuri.

Siku tatu Raya ndiye aliyeniuguza. Alikuwa akileta maziwa ya jirani anayenyonyesha, ananitilia matone machoni asubuhi na jioni, ananifuta na kitambaa baridi, haniambii neno. Nami naogopa kusema nisije nikaikatiza ile raha. Nikawa najidanganya humo gizani kwamba nimekwisharudishiwa, kwamba kitanda kile chote na aibu yake yote vimenileta hapa na basi.

Siku ya tatu alikuja Mwalimu Othman, akakaa karibu na kichwa changu, akakifunua kile kijitabu, na bila mimi kumwomba akanisomea.

"E1, umeme ni mdogo, subiri upande. E2, safisha vumbi, feni hazipati hewa. E3, mfuniko haujafungika vizuri." Akakifunga kijitabu. "Karafuu zilikuwa nyingi, zilikuwa zinauzuia. Ungezipunguza tu."

"Basi hakikuwa kibovu?"

"Hakikuwa na ubovu wowote."

Akaondoka. Nikamsikia Raya anasogeza bakuli la maziwa.

"Hamadi."

"Labeka."

"Alikuwa hatua kumi kutoka kwako. Kwa nini hukumuuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Ningesema nimekosa. Ningesema naona haya kwa ajili ya baba yako, siku ile chini ya meza sikuwa natafuta kitu. Lakini nilikuwa nimelala mbele ya nyumba nzima ya watu walionicheka, na kifua kikanijaa, nikasema, "Nimuulizeje mtu wa upande ule?"

Bakuli likawekwa chini.

"Basi na mimi ni wa upande ule," akasema. "Baba yangu kafa wa upande ule. Nataka talaka yangu."

Ningeweza kukataa, na ningeweza kuomba muda. Nilimpa pale pale, macho yamefumba, kwa ukali, kama mtu anayemkomoa mwenzake. Kesho yake asubuhi nikafumbua jicho, nikaona boriti, nikaona ukuta, nikaona bakuli. Yeye alishaondoka na chombo cha asubuhi kwenda kwa mama yake mdogo Kojani, na huko ndiko alikoolewa. Kwa hiyo sura yake ya mwisho sinayo. Ninao ule mkono mtupu unaosukuma sinia.

Mzee Faki naye aliponiona nimerudi na kanga ya mwanamke wa upande ule aliniambia tawini nisikanyage tena. Nimewataja wote sasa, na kila mmoja nimembebesha chake, na bado waya ule wa urefu wa kidole niliukata mimi na kuufunga mimi.

Kazi bado naifanya, ingawa macho hayajarudi sawa. Siku za mvua, muadhini akianza, nikifumba kope nauona mstari wa zambarau unatambaa chini ya mlango, basi nafumbua haraka. Lakini nimeapa, na kiapo hicho nimekishika: mashine yoyote ikiniandikia herufi na nambari, siigusi. Naifunga kwenye baiskeli, napanda nayo mpaka barazani kwa Mwalimu Othman, amezeeka, miwani imekuwa minene, nasimama chini ya ngazi nasema kama alivyonifundisha, "Mwalimu, naomba unisomee."

Naye hunisomea, neno kwa neno, mpaka mwisho. Hajawahi kunicheka hata mara moja, na ndilo linaloniuma.